Spika Mbili Zinavyoizungushia Sebule Sauti

Jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, alinunua sabufa mpya akaniita nikaisikilize.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Pita ndani. Hili boksi limeandikwa kwamba sauti itazunguka chumba kizima, lakini mimi hata msoma habari sijui anasemea wapi."

Nikakaa kwenye kochi la katikati. Ni kweli. Sauti ya mtangazaji ilikuwa kama inatoka ndani ya pipa, haina uzito, na nikisogeza kichwa kidogo inaruka upande mwingine. Spika moja ndogo ilikuwa juu ya kabati la TV. Ya pili fundi alikuwa ameitundika kwenye kona ya dari, karibu na mlango, na kwa kuwa waya wake ulikuwa mfupi aliuunga na kipande kingine kwa selotepu: mwekundu kwenye mweusi, mweusi kwenye mwekundu.

Tukazima mashine. Tukaunga waya upya, rangi kwa rangi, tukaishusha ile ya kwenye kona na kuziweka zote mbili juu ya stuli, moja kushoto na moja kulia mwa TV, usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Tulipowasha, mtangazaji alisimama katikati kabisa ya skrini, na besi ikarudi. Mzee akainuka, akaenda kuinama mbele ya TV na kuweka sikio kwenye kioo. Spika za TV yenyewe zilikuwa zimezimwa. "Sasa huyu anasemea wapi?"

Pale katikati hapakuwa na spika. Sauti ileile ilikuwa ikitoka kushoto na kulia kwa nguvu sawa na kwa wakati mmoja, na ubongo wa mzee ukaamua kwamba msemaji lazima yuko katikati. Hayo ndiyo mazingaombwe ya kwanza ya stirio, na sauti ya kuzunguka inayotangazwa kwenye maboksi imejengwa juu yake. Naandika haya kwa sababu naona watu wakitoa hela nyingi kununua spika tano au saba kabla hawajazipa nafasi mbili walizonazo. Spika mbili zilizofungwa vizuri zinaweza kukupa sauti ya mbele, ya pembeni, na kwa kiasi fulani hata ya nyuma. Zina mipaka, na nitaitaja.

Masikio yanavyojua upande

Tembea barabarani usiku na utajua, bila kugeuka, kama bodaboda inakuja kutoka kushoto au kulia. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya mita 343 hivi kwa sekunde, hewa ikiwa na nyuzijoto 20. Ikitoka kulia kwako, hulifikia sikio la kulia kwanza, kisha hulazimika kuzunguka kichwa kulifikia la kushoto. Tofauti hiyo ya muda, hata ikiwa kubwa kabisa, haifiki sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ubongo huipima hata hivyo. Zaidi ya hapo, kichwa chako hutia kivuli: sauti nyembamba, kama mluzi au mlio wa kijiko kwenye glasi, hulifikia sikio la mbali ikiwa imefifia. Sauti nzito haijali kichwa, hukizunguka tu. Mwingereza Lord Rayleigh aliyaweka pamoja mambo haya mawili mwaka 1907: kwa sauti nzito tunategemea zaidi muda, kwa sauti nyembamba tunategemea zaidi nguvu, na mpaka uko karibu na mitetemo 1,500 kwa sekunde.

Linabaki fumbo moja. Mtu aliye mbele yako kabisa na mtu aliye nyuma yako kabisa wote hutuma sauti inayoyafikia masikio yote mawili kwa wakati mmoja na kwa nguvu sawa. Mbona huwachanganyi? Fanya jaribio hili jioni ya leo. Fumba macho, mwambie mtoto atikise funguo mbele ya uso wako, kisha nyuma ya kisogo, bila kukuambia yuko wapi. Utapatia karibu kila mara. Sasa kunja masikio yako kwa vidole, uyalaze yabanane na kichwa, arudie tena. Utaanza kukosea. Yale makunyanzi ya sikio la nje tunayoyadhania pambo, au pa kutundikia hereni, huichuja sauti kwa namna tofauti kulingana na upande inakotoka. Sauti nyembamba hugonga kwenye mikunjo hiyo, nyingine zikaongezeka na nyingine zikafa, na ubongo umejifunza tangu utotoni kuusoma mchujo huo. Ukijua jinsi sikio linavyoichuja sauti ya nyuma, unaweza kuichukua sauti yoyote, ukaipaka mchujo huohuo, ukaitoa kwenye spika ya mbele, na ubongo ukaamini imetoka nyuma.

Wataalamu hupata michujo hiyo kwa kutumia kichwa cha bandia chenye maikrofoni ndani ya masikio, wakipiga sauti kutoka kila pembe na kupima kinachoingia. Mwaka 1994, Bill Gardner na Keith Martin wa chuo cha MIT nchini Marekani walikipima hivyo kichwa cha bandia kiitwacho KEMAR, wakaviweka wazi vipimo vyao ili yeyote avitumie.

Mwanzo wake ulikuwa sinema

Simulizi ya stirio yenyewe huanzia London mwaka 1931. Mhandisi Alan Blumlein wa kampuni ya EMI alikuwa sinema na mkewe. Siku zile spika ilikuwa moja, kwa hiyo mwigizaji alitembea upande mmoja wa pazia huku sauti yake ikitoka upande mwingine. Jambo hilo lilimkera, akamwambia mkewe kwamba anajua njia ya kuifanya sauti imfuate mwigizaji. Desemba mwaka huohuo aliwasilisha hataza yenye madai 70. Ndani yake mlikuwa na namna ya kupanga maikrofoni mbili na namna ya kuchonga chaneli mbili kwenye mfereji mmoja wa santuri. Blumlein hakuishi kuona kazi yake ikiingia majumbani. Alikufa Juni 1942, akiwa na miaka 38, katika ajali ya ndege walipokuwa wakijaribu rada ya vita.

Alichotuachia kina kasoro moja ya asili, na ndiyo inayozuia spika mbili kukuzunguka. Spika ya kushoto haisikiki kwa sikio la kushoto peke yake. Sauti yake huvuka mbele ya uso na kulifikia sikio la kulia pia, ikichelewa kwa robo hivi ya milisekunde pale spika zinapokuwa zimekaa inavyotakiwa. Kwa kuvuka huko, ubongo unaambiwa kila mara: spika iko pale, mbele kidogo kushoto. Hata ungepaka mchujo wa nyuma namna gani, uvukaji huo utakuumbua.

Unaweza kuukata uvukaji kwa mikono yako. Mimi nilitumia godoro la futi 4 kwa 6. Niliziweka spika mbili sakafuni zikiachana kama nusu mita, nikasimamisha godoro kwa ubavu katikati yake kama ukuta, kisha nikakaa kwenye kigoda upande wa pili, pua ikikaribia kugusa ncha ya godoro. Jicho la kushoto liliona spika ya kushoto tu, la kulia ya kulia tu, na masikio yakawa hivyohivyo. Nikamwomba binti yangu awashe muziki wa bendi uliorekodiwa jukwaani. Spika zilizokaribiana vile zilitoweka. Makofi ya watazamaji yalikuja kutoka ubavuni, karibu na mabega, gitaa likasogea mbali nje ya spika ya kulia. Binti aliponisukuma nimpishe naye asikie, alicheka, akageuka kutazama ukuta wa pembeni.

Hakuna atakayekubali godoro libaki katikati ya sebule. Ndipo hesabu inapoingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika maabara za Bell nchini Marekani, Bishnu Atal na Manfred Schroeder walionyesha namna ya kujenga ukuta huo kwa sauti yenyewe. Sauti ya kushoto inapovuka kwenda sikio la kulia, spika ya kulia hutoa nakala yake iliyogeuzwa, penye kilima pawe bonde, ikiwa imecheleweshwa kidogo ili zikutane sikioni na kuuana. Lakini nakala hiyo nayo huvuka kurudi sikio la kushoto, kwa hiyo spika ya kushoto lazima itoe nakala ya kuiua, nayo pia huvuka, na mchezo unaendelea, kila zamu ikiwa dhaifu kuliko iliyotangulia, hadi kimya. Miaka ya 1970, akiwa Göttingen, Ujerumani, Schroeder na wenzake walitumia ufundi huu kulinganisha kumbi za muziki za Ulaya: msikilizaji alikaa katika chumba kisicho na mwangwi, mbele ya spika mbili, akahamishwa kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine kwa kugusa swichi.

Baada yao walikuja wengi. Albamu ya Madonna ya mwaka 1990, The Immaculate Collection, ilichanganywa kwa mfumo wa QSound ili sauti zitoke nje ya mipaka ya spika mbili za kawaida. Profesa Edgar Choueiri wa Princeton, mzaliwa wa Lebanon ambaye kazi yake nyingine ni injini za roketi, ametengeneza michujo inayoukata uvukaji bila kuiharibu ladha ya muziki, na msikilizaji hupimwa kwa maikrofoni ndogo zinazowekwa kwenye masikio yake mwenyewe. Kile kitufe cha rimoti yako kilichoandikwa Surround au Virtual Surround ni mjukuu wa kazi hizi. Kwenye mashine nyingi za bei nafuu hakifanyi yote. Huongeza tu tofauti kati ya kushoto na kulia na kutia mwangwi kidogo, chumba kikaonekana kimetanuka.

Zinaposhindwa

Mazingaombwe haya yana kiti kimoja. Nakala ya kuua lazima ifike sikioni kwa wakati wake hasa, na ukihama kwa upana wa kiganja muda unavurugika. Familia ya watu sita ikijipanga kwenye makochi, anayekaa katikati ndiye anayezungukwa, wengine wanasikia stirio tu. Pembeni huwezekana vizuri zaidi kuliko nyuma, kwa sababu tukitilia shaka sauti ya nyuma huwa tunageuza kichwa kidogo bila kujua, na papo hapo masikio yanagundua kwamba spika ziko mbele. Isitoshe masikio ya kila mtu yamekunjwa kivyake, ndiyo maana ndugu wawili kwenye kiti kilekile, wakisikiliza filamu ileile, mmoja ataapa helikopta imepita kisogoni na mwingine ataona imepita juu ya TV. Kwa sauti ya nyuma ya kweli, inayosikika na watu wote sebuleni, spika za nyuma bado hazina mbadala.

Namna ya kuzifunga

Anza na waya. Zima mashine kabla hujagusa chochote. Chomeka nyekundu kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi, kwenye spika zote mbili. Kama waya wako hauna rangi, tafuta mstari au maandishi upande mmoja uufuate huohuo kotekote. Baada ya hapo weka taarifa ya habari au mawaidha, mtu mmoja anayeongea, ukae katikati. Asimame katikati ya spika kama mtu aliyeketi mbele yako. Ukimkosa, akawa kama yuko kila mahali na hayuko popote, zima, geuza waya za spika moja tu, washa tena. Chagua namna ambayo besi ni nzito zaidi. Kwa spika kubwa ambayo koni yake unaiona, kuna njia ya mafundi wa zamani: itoe kabisa kwenye mashine, gusisha waya zake kwa sekunde moja kwenye betri ndogo ya volti 1.5. Koni ikisogea nje, upande ulioshika chanya ndio chanya ya spika.

Kisha chukua uzi. Funga ncha moja kwenye spika ya kushoto, uvute hadi kwenye kiti chako, ufunge fundo mahali kinapokaa kichwa, halafu uhamishie spika ya kulia. Fundo liangukie palepale. Sentimita 30 za tofauti zinaonekana ndogo, lakini zinatosha kuifanya sauti ya spika ya karibu itangulie kwa karibu milisekunde nzima, na ubongo humwamini anayetangulia: picha yote ya sauti itahamia upande huo. Umbali kati ya spika na spika uwe sawa na umbali wa kila spika hadi kwako, pembetatu yenye pande sawa. Kwa sebule nyingi za kwetu hiyo ni mita 2 hivi. Waya zinazokuja na sabufa ndogo mara nyingi hazifiki huko, na watu huishia kupandanisha spika zote mbili juu ya sabufa kama matofali. Usifanye hivyo. Nunua waya mrefu zaidi, gharama yake ni ndogo kuliko kitu kingine chochote katika makala haya. Na usiipeleke spika moja chumbani au barazani; huko utakuwa umepata redio mbili mbovu badala ya stirio moja.

Sabufa yenyewe haina haja ya kukaa katikati. Kwa besi nzito kabisa kama yake, masikio huona vigumu kutambua upande, iweke panapofaa, ila ukiisukumia kwenye kona itavuma na kuyafunika maneno.

Chumba ndicho kinachowaangusha wengi. Simama katikati ya sebule upige kofi moja. Ukisikia mlio mkali unaoruka-ruka, ukuta wa saruji, vigae vya sakafuni na vioo vya madirisha vinakurudishia sauti, na sauti inayorudi kutoka pembeni huivuruga kazi ya nakala ile ya kuua. Tandika zulia zito kati yako na spika. Kwenye kuta za pembeni tumia kioo: wewe kaa kwenye kiti chako, mwenzako akiburuze kioo kidogo ukutani, na pale utakapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapodunda kuja kwako. Hapo tundika kitu kinene, blanketi zito au zulia dogo, au sogeza kabati la vitabu. Kanga moja haitoshi. Ni nyepesi mno, sauti hupita na kurudi kama haipo. Spika ziache angalau sentimita 30 kutoka ukutani, na uzigeuze kidogo zikutazame.

Kitufe cha Surround kibonyeze mwisho, haya yote yakiwa tayari. Kiwashe mahali pamoja tu. Kama TV inatoa sauti kwenda kwenye mashine nyingine yenye kitufe chake, zima cha TV, kwa sababu mchujo uliopakwa mara mbili hauna upande wowote. Kwa filamu zenye sauti ya 5.1, yaani yenye chaneli zaidi ya mbili, nenda kwenye mpangilio wa sauti wa TV au wa king'amuzi uruhusu chaneli zote zifike kwenye mashine inayofanya kazi ya kuzungusha. Zikishachanganywa kuwa mbili kabla ya kufika, mashine inabaki kukisia. Na kama nakala ya filamu ilishabanwa ikawa sauti moja, hakuna kitufe kitakachoitawanya. Mimi huwasha kwa filamu na michezo ya kompyuta. Kwa taarabu, kwaya, habari na mpira nazima, maana muziki ulishachanganywa kwa spika mbili za kawaida, na maneno ya mtangazaji hukonda kitufe kikiwa kimewashwa.

Dukani, usisome namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi yenye herufi PMPO. Hakuna kipimo kinachokubalika nyuma ya namba hiyo, kila kiwanda huandika kinachotaka. Uliza kama spika ni mbili zinazotengana na waya wake unaweza kurefushwa. Spika nyingi za bluetooth za kubebeka, hata zikiwa na koni mbili, zimo ndani ya boksi moja dogo na haziwezi kuachana vya kutosha, na nyingine hutoa sauti moja tu. Omba wakuwekee mtu anayeongea, siyo muziki wa kishindo, nawe ukae mbele katikati. Muuzaji anayekataa kukuwekea sauti ya mtu anayeongea, mwache.

Iko hali moja ambayo haitibiki kwa waya. Umepima kwa uzi, umeunga rangi kwa rangi, na bado msoma habari anang'ang'ania upande mmoja. Geuka uzipe spika mgongo, usikilize tena. Akibaki kwenye ukuta uleule wa chumba, yaani sasa anasikika zaidi kwenye sikio lako la pili, tatizo liko kwenye spika au chumba. Akikufuata, akabaki upande wa sikio lilelile, tatizo liko masikioni. Inaweza kuwa nta tu iliyoziba, au uwezo wa kusikia umepungua upande mmoja bila wewe kujua. Usijichokonoe kwa pamba wala njiti. Nenda kliniki ya pua, koo na masikio ukapimwe.